Mrejesho: Wazee wa Tanga waliolazwa Kibong'oto

Nilipouliza kama kuna wazee wa Tanga waliowahi kulazwa hospitali ya Kibong'oto kwa kifua kikuu, mlinielekeza nianzie kwenye vibaraza vya kahawa Ngamiani. Ahsanteni sana. Nimezungumza na wanne, na mmoja kanitoa machozi.

Bibi huyo alipelekwa akiwa msichana, kwa treni hadi Moshi, kisha gari. Hospitali ile ilianza 1926, kwenye baridi ya Kilimanjaro, na yeye mtoto wa pwani hakuwa amewahi kuvaa sweta. Anakumbuka sindano za streptomaisini, mpaka akawa analalia ubavu mmoja. Sikio likaanza kulia na halikupona. Dawa ile kweli huweza kuharibu masikio. Alikaa zaidi ya mwaka. Siku hizi wengi humeza vidonge miezi 6, wakiwa nyumbani.

Akaingia ndani, akatoka na sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, rangi imebanduka. Aliporudi alitengewa hiyo, ale peke yake. Mama yake akaketi mkekani, akala naye humo humo, majirani wakitazama. "Ndipo nikajua nimerudi," aliniambia.

Nilikosea kwenda na dodoso. Walijibu ndiyo na hapana tu. Nilipoliweka kando nikauliza walikula nini kule, maneno yakafunguka.

Majina siandiki, unyanyapaa bado upo. Sauti nimerekodi kwa ridhaa yao, na kila familia imebaki na nakala. Mwenye mzee Pangani au Muheza, naomba anipeleke.