Simu inaandika 5G lakini ping ni ileile ya 4G: mitambo ya nyuma imebadilika kweli?

MkaziWaDuga

Wakuu, salaam. Naomba wanaojua mitambo wanifafanulie. Hapa Chumbageni, Tanga, simu inaandika 5G. Kushusha mafaili imekuwa mara tatu ya 4G, hilo sina ugomvi nalo. Ila ping, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kwa seva ileile ya Dar: 4G milisekunde (ms) 46, 5G ms 42. Nikipigiwa, alama inarudi 4G mpaka nikate. Nikielekea Pongwe 5G inapotea kabisa. Hiyo mitambo mipya inayosifiwa iko wapi, au wamefunga antena mpya tu kwenye mnara wa zamani? Nataka ufundi, matangazo ninayo ya kutosha.

Nyaya_na_Minara

Karibu hakika hiyo ni 5G ya kuegemea, NSA. Antena ni ya 5G, lakini kiini cha mtandao, yaani mitambo inayokutambua, inayokupa anwani ya IP na kukutoa kwenda intaneti, bado ni kile cha 4G. Simu inajisajili 4G kwanza, amri zote zinapita huko, kisha 5G inaunganishwa pembeni kama bomba la pili la data. Bomba limepanuliwa, njia ni ileile. Ndiyo maana kasi imepanda na ping imegoma.

3GPP, wanaoandika viwango hivi, walimaliza NSA Desemba 2017. SA, yaani 5G inayojitegemea, ikafuata Juni 2018. Kampuni nyingi duniani zilianza na NSA kwa sababu unapata alama ya 5G bila kununua kiini kipya.

Simu za sauti kwenye NSA zinapita 4G, kwa VoLTE (njia ya sauti juu ya 4G), na baadhi ya mitandao huuachia mguu wa 5G wakati wa maongezi. Ikishuka mpaka 3G, basi VoLTE haijawashwa, ama kwenye simu ama kwenye laini yako.

Kitovu

Niongezee hapo kwenye kiini, maana ndiko kwenye utamu.

Kwenye 2G na 3G mnara haukuwa na maamuzi. Mwamuzi wa 3G alikuwa RNC, mtambo mmoja unaoweza kushika mamia ya minara. Ukizima, wilaya nzima inakuwa kimya. Data nayo ilipita vituo vinne: mnara, RNC, kisha SGSN na GGSN, mitambo miwili ya data kwenye kiini. 4G ikaiondoa RNC. Maamuzi yakahamia mnarani, na minara jirani ikaanza kuzungumza yenyewe kwa yenyewe unapohama kutoka mmoja kwenda mwingine. Kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote, ingawa halikupigiwa ngoma.

Kilichobaki kibaya kwenye 4G ni PGW, lango la kutokea. Linaamua na kubeba mzigo papo hapo, ni ghali, kwa hiyo yanawekwa machache na mbali. Mtu wa Raskazone akimtumia picha mtu wa Ngamiani, picha inaweza kwenda Dar na kurudi.

5G SA inazitenganisha kazi hizo. AMF inashughulikia usajili na mienendo ya simu, SMF inaamua safari ya data, na UPF inabeba tu. Kwa kuwa UPF haina maamuzi mengi, unaweza kuiweka hata bandarini Tanga, kreni zikaongea na seva iliyo hapohapo. Zilizobaki ni programu kwenye seva za kawaida, zinaitana kwa HTTP/2 (lugha ileile ya kurasa za wavuti), na NRF ni daftari la nani yuko wapi. Moja ikifa, mwenzake anapokea.

Ila msidanganywe na hesabu za ping. Mwanga ndani ya faiba unatumia takriban mikrosekunde 5 kwa kilomita. Tanga hadi Dar, tuseme kilomita 350, ni ms 3.5 kwenda na kurudi. Kwa hiyo kati ya ms 42 zako umbali unakula kidogo tu. Nyingi zinaliwa na kusubiri: simu kuamka, kuomba zamu ya kutuma, pakiti iliyoharibika kurudiwa, foleni za rauta. 5G ya masafa ya 3.5 GHz inagawa muda vipande vya ms 0.5, 4G ni ms 1, hapo ndipo unapookoa. Na seva ikiwa Ulaya, kilomita 10,000 za faiba ni ms 100, hakuna G itakayokusaidia.

Usalama pia. Simu ya 2G haiuhakiki mtandao, ndiyo maana mnara bandia unaweza kuidanganya. 3G ikaleta kuhakikiana pande zote mbili, lakini namba ya utambulisho wa laini, IMSI, inaweza kwenda wazi hata kwenye 4G. SA inaifunga kwa ufunguo wa mtandao wako kabla haijaruka hewani, mradi kampuni imewasha kipengele hicho. Kwenye NSA hukipati.

Mpwani_RF

Pongwe: sababu ni masafa. 3.5 GHz ikilinganishwa na 800 MHz inapoteza nguvu desibeli (dB) 13 zaidi kwa umbali uleule, hata kwenye uwanja mtupu, na hapo kuta hazijahesabiwa. Antena zenye vipande 64 vya kutuma na 64 vya kupokea zinarudisha sehemu ya hasara kwa kuelekeza miale kwako, lakini si yote. Kitochi cha 2G kinafika hadi kilomita 35 kutoka mnarani, kikomo cha kiwango chenyewe. Mvuvi aliye nje ya Ulenge asitupe kitochi chake.

Mambo mawili ya kwetu pwani. Kwanza, 3.5 GHz inatuma na kupokea kwa zamu kwenye masafa yaleyale, kwa hiyo minara yote lazima ifuate saa moja, kila mnara usipishane na saa hiyo kwa zaidi ya mikrosekunde 1.5. Mara nyingi saa inatoka GPS. Chumvi ikila kiungio cha antena ya GPS, mnara unapoteza saa na kuanza kuzomea majirani. Fundi akiona kelele kwenye njia ya simu kwenda mnarani zimeongezeka ghafla minara kadhaa kwa pamoja, aanze na kiungio hicho kabla hajagusa redio.

Pili, siku za joto bila upepo mawimbi hunasa juu ya bahari na kusafiri mbali kupita kawaida. Nafasi ya ukimya kati ya kutuma na kupokea ikiwa mikrosekunde 143, mnara ulio zaidi ya kilomita 43 unaingia kwenye masikio ya wako. Dawa ni kurefusha ukimya huo, na gharama yake ni kasi kidogo.

Halafu kuna kiungo cha nyuma, kinachounganisha mnara na kiini. Mnara wa 5G ukilishwa na redio ya maikrowevu ya Mbps 300, wateja wote wanagawana hizo 300.

MkaziWaDuga

Nashukuru sana. Nitahakikishaje kama ni NSA?

Nyaya_na_Minara

Android, piga *#*#4636#*#* (simu nyingine haifunguki). Fungua taarifa za simu, usome mstari wa aina ya mtandao wa data. Mstari ukionyesha LTE, yaani 4G, huku juu kuna alama ya 5G, ni NSA. Ukionyesha NR, yaani redio ya 5G, ni SA. Kisha chagua NR pekee: mtandao ukipotea, SA haipo hapo. Rudisha ulivyokuta mara moja, maana ukiisahau hivyo hupigiwi, na hata menyu ya kutuma pesa haifunguki. Soma RSRP pia, yaani nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu: -80 ni nzuri, -110 ni ya kubahatisha.

MkaziWaDuga

LTE. NR pekee, mtandao haupo. RSRP -84 barazani, -109 chumba cha nyuma.

Mpwani_RF

Tofauti ya dB 25, yaani chumbani inafika sehemu moja kati ya 300 ya nguvu iliyopo barazani. Kama una rauta, iweke dirisha la upande wa mnara, waya wa mtandao uuvute mpaka ndani. Usiisogeze rauta chumbani ili waya uwe mfupi.