Jalidi imeua marando ya mdogo wangu Njombe. Apande mwezi gani?

Bi Mkubwa wa Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Sie huku Pemba viazi vitamu twavipanda kwa kufuata mpunga. Ukishavunwa, Juni hivi, maji ya bondeni yameshuka lakini udongo ukiufumbata bado washikana, twainua matuta pale pale na kuchomeka marando. Ndivyo nilivyomwambia mdogo wangu aliyeolewa Njombe. Akanisikiliza, akapanda Juni.

Asubuhi moja ya Julai akanitumia picha, majani meupe kama yamenyunyiziwa chumvi. Adhuhuri ikaja ya pili: yote meusi, yamelegea kama mchicha uliochemshwa. Matuta 14! Kalima wiki nzima kwa neno langu, na roho yaniuma. Kipupwe chetu ni shuka nzito tu, jalidi sijapata kuiona. Aliyeishi kule anieleze, apande lini?

Mwalimu Mstaafu, Chake
Waalaykumu salaam, Bi Mkubwa. Njombe nimefundisha miaka sita. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na jalidi huja Juni mpaka Agosti, usiku usio na wingu wala upepo. Baridi huteremka kama maji na kutuama mabondeni. Bonde unalolipenda wewe kwa unyevu, kule ndilo linaloua. Alime kwenye mteremko.

Mvua yao ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili au Mei. Zikishashika, mwisho wa Novemba au Desemba, achomeke. Kwetu kiazi miezi minne kimeiva. Kule baridi hukichelewesha, akihesabie mitano hata sita. Akingoja Februari, Juni itakikuta bado chembamba kama kidole.

Bi Mkubwa wa Wete
Mwalimu, Mungu akuweke. Basi Novemba nimtumie marando ya kwetu?

Kijana wa Konde
Usitume, shangazi. Utampelekea fukusi na maradhi ya majani, na mbegu ya pwani haijazoea baridi ile. Aombe kwa majirani, akate ncha changa za sentimita 30 hivi, vifundo vitatu vinne viingie udongoni.

Mwalimu Mstaafu, Chake
Kijana kasema kweli. Tena asing'oe yale yaliyoungua. Jalidi huchoma majani, lakini ardhi ya Njombe haigandi, na shina lililofukiwa huweza kuwa hai. Alifunike kwa nyasi kavu. Jua la Septemba likirudi huenda likachipua, naye akapata mbegu nyumbani kwake.

Bi Mkubwa wa Wete
Nimempigia sasa hivi. Nimemkuta na jembe mkononi, matuta mawili keshayafumua. Kumi na mawili yamebaki, na mumewe kaenda kutafuta nyasi.