Naomba ushauri: siku ya kubadilishana rangi na dawa za wadudu zilizobaki majumbani, Kisauni

Hamjambo ndugu zangu. Sisi majirani wa Kisauni tunapanga siku ya kubadilishana bidhaa kali zilizobaki majumbani: rangi, thina, vanishi, dawa za mende, asidi za choo. Anayehitaji achukue bure, kuliko zimwagwe mitaroni zikaishia baharini, au zipelekwe jalalani Mwakirunge ambako wenzetu huokota taka kwa mikono mitupu.

Tutapokea tu zilizo kwenye mkebe au chupa yake ya asili, isiyovuja, lebo ikisomeka. Dawa iliyohamishiwa chupa ya soda hatuigusi, mtoto ataijuaje? Jiki itakaa mbali kabisa na asidi ya choo, maana zikikutana hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Uwanja wenye kivuli na hewa tumeshapata, na chifu ametukubalia.

Tulipokwama ni kwenye mabaki yasiyochukuliwa na mtu. Wabeba taka wa mtaani tumewauliza, wamekataa, na kwa kweli siwalaumu, hawana glavu wala mafunzo.

Sasa naomba kuuliza: hapa Mombasa, nani mwenye leseni ya NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) anayepokea taka za aina hii kwa kiasi kidogo, na hutoza kwa kilo au kwa safari? Pili, dawa za wadudu tuziache zibadilishwe kama rangi, au tuzikusanye tu bila kumpa mtu? Mimi naegemea la pili, ila wenzangu wengi wanaona ni hasara.