Bodi ya 5.8 GHz: FR4 (bodi ya kawaida ya fiberglass) inatosha au nitafute Rogers (bodi maalum za masafa ya juu)?

Wakuu habari, nimechora filta ya mistari ya shaba kwa 5.8 GHz kwenye FR4 ya kawaida yenye unene wa milimita 1.6, kwenye kompyuta iko safi kabisa ila bodi ilivyokuja nikaipima masafa yamehama na mawimbi yanapotea vibaya, kosa langu au la bodi??

fundi_mawimbi: Bodi hiyo mzee. Dk ya FR4 (namba ya jinsi bodi inavyopunguza kasi ya mawimbi) inacheza 4.2 hadi 4.6 na kiwandani hawakuahidi namba, sasa we ulichora na ipi? Upotevu wake (loss tangent) ni kama 0.02, RO4350B ya Rogers ni 0.0037 tu. LoRa (redio ya data kidogo ya masafa marefu) ya 868 MHz FR4 sawa, ila filta ya 5.8 hapana

kassimu: Kabla hujatoa hela ya Rogers (ghali kweli) cheki upana wa laini ya shaba. Kwa omu 50 (ukinzani wa kawaida wa laini za redio) kwenye bodi ya 1.6 inatoka kama milimita 3, mnene kuliko miguu ya chipu yenyewe! Chukua bodi ya leya nne (tabaka za shaba), graundi iwe leya ya pili karibu chini ya laini ili laini iwe nyembamba, usiikate popote, via (vitundu vya kuunganisha leya) nyingi pembeni

muuliza swali: Mi nilichora na 4.4 🤦 na graundi niliikata kupitisha waya wa pawa

kassimu: 😂😂 hapo umejimaliza. Ukiagiza kwa viwanda vya Shenzhen, China, waombe mpangilio wa leya kwanza, ndo uchore