Tupeane uzoefu: Umevuka arobaini, una kazi ya ofisini, ukanunua pikipiki. Nyumbani walisemaje?

Fundi Seva, Kisasa

Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa kompyuta, mtumishi, miaka 46. Nilihamia huku na ofisi 2017, baada ya lile tamko la Julai 2016 kwamba safari hii Serikali inahama kweli. Tulicheka sana siku ile. Dodoma ilitangazwa makao makuu tangu 1973, nani angeamini kwamba zamu yake imefika? Miezi michache baadaye tulikuwa tunafunga makabati kwa kamba.

Basi, Agosti nikanunua Boxer ya cc 150, mpya. Haikuwa ya biashara na sikumkabidhi kijana aniletee hesabu. Naiendesha mwenyewe Jumamosi, bila sababu.

Matata yalianzia hapo kwenye "bila sababu". Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Gari umeliuza?" Nikamwambia lipo. Alinyamaza siku mbili. Mama mkwe akapiga simu kutoka Mbeya, akazunguka zunguka na habari za mvua na mahindi, mwishowe akauliza kama kazini kuko salama. Nikagundua habari imeshafika huko kwamba nimesimamishwa.

Siku ya kwanza kwenda nayo kazini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, mlinzi akanizuia getini. "Shusha abiria hapohapo, boda haziingii." Abiria gani, kaka, niko peke yangu. Nikavua helmeti, nikamwonyesha kitambulisho. Akakitazama, akanitazama mimi, akairudia pikipiki. "Pole sana bosi," akasema, na sauti ilikuwa ya msibani kabisa.

Na barabarani napungiwa mkono. Kutoka Ihumwa hadi Nanenane ni lazima mtu anisimamishe. Siku moja nilisimama, nikampakia mama mwenye ndoo ya nyanya mpaka sokoni Majengo. Alinilipa elfu moja, akanilaumu kwamba naendesha kama nabeba mayai.

Kwa nini nilinunua? Tangu treni ya SGR ianze kufika huku, Julai 2024, ikifika Ijumaa jioni nusu ya ofisi iko stesheni na mabegi. Serikali imehamia Dodoma Jumatatu hadi Ijumaa, wikiendi inalala Dar. Sisi wachache tuliojenga huku tunabaki na mji mzima, barabara ya lami na upepo. Nikaanza kwa kwenda Bahi kula samaki, nikaenda Chamwino, kisha mpaka bwawa la Mtera. Hivyo tu.

Sababu nyingine ni kazi yenyewe. Mei 12, 2024, Jumapili, intaneti ilianguka karibu nchi nzima. Kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika. Jumatatu asubuhi bosi kasimama mlangoni: "Nyie watu wa IT mmefanya nini?" Bosi, tatizo liko chini ya bahari, mimi niko Dodoma. Akataka taarifa ya maandishi. Niliandika kurasa mbili. Ile ya Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, haikuwa kebo, na hakuna aliyeomba taarifa.

Mtu wa kompyuta anaishi hivyo, analaumiwa kwa vitu asivyoweza kuvishika. Mfumo huu hausomani na ule, mwananchi namba yake ya NIDA imo humo, bado anaambiwa alete kopi ya kitambulisho na picha mbili za pasipoti. Boxer ikigoma kuwaka nauliza matatu: mafuta yanafika? Hewa inapita? Plagi inatoa cheche? Nafungua plagi, naisugua kwa msasa, napiga kiki. Ikikataa, najua ni mimi au ni yenyewe. Hakuna kuandika barua ya kuomba ruhusa.

Tiririkeni. Nyumbani walisemaje, na mlijifunzaje?

Kijiwe cha Sabasaba

Mzee wa seva, heshima yako. Mimi ni boda miaka sita sasa. Hilo la elfu moja umetuharibia bei, Ihumwa mpaka Majengo na ndoo juu?

Sina neno baya, ila mjue tofauti. Wewe unaendesha bila sababu, mimi niko kwenye mkataba, elfu kumi kila siku iwe jua iwe mvua, mwaka mzima ndipo chombo kiwe changu. Wakati wa Bunge la bajeti ndiyo mavuno yetu, Aprili mpaka Juni, wageni wamejaa, nyumba za kulala wageni zimepandisha bei. Lakini ndiyo wakati wa V8 pia, yale magari ya wakubwa. Yule akikuwashia taa nyuma, mzee wangu, toka barabarani, hana breki ya mtu wa pikipiki.

Na mkiongelea siasa mimi naijua kwa noti. Julai 2021 tozo za miamala zilipoanza, abiria waliokuwa wananirushia kwa simu wote walirudi kwenye pesa mkononi, na chenji sina. Walipunguza Septemba ile, lakini abiria wengine hawakurudi tena kwenye simu mpaka mwaka uliofuata.

Ushauri wa bure: kwenye mchanga usiguse breki ya mbele. Na upepo wa kuelekea Bahi unatoka ubavuni, usipambane nao kwa mikono, legeza viwiko, bana tanki kwa magoti.

Mwana wa Hombolo

Miaka 46 mtu ananunua zabibu ekari mbili, anavuna mara mbili kwa mwaka. Pikipiki ya nini?

Fundi Seva, Kisasa

Mkuu, zabibu ninazo. Ndizo zilizonunua pikipiki.

Dada wa Halmashauri

Mimi ni mwanamke, 43, afisa TEHAMA wilayani, upande wa Mpwapwa. Sikununua, nilikabidhiwa. Gari la idara liko juu ya mawe, zahanati zina GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, unaotaka mtu aende, na kwenye stoo kulikuwa na Yamaha imefunikwa turubai. Mkuu wangu akasema kwa utani, "Kama unaweza, chukua." Nikaichukua.

Leseni yangu ilikuwa ya gari, daraja D. Nikaenda chuo cha udereva kutafuta A1, nimekaa benchi moja na watoto wa miaka 19 wanaoniita mama. Mwalimu ananifundisha kugeuka kwenye namba nane, wanafunzi wenzangu wanapiga makofi. Niliangusha ile pikipiki mara tano. Vijana hawakucheka, nadhani kwa sababu waliona mikono inatetemeka.

Ninalotaka kuwaambia ni la makorongo. Mtu wa Dar akiona mto wetu Agosti anauliza mto uko wapi, maana ni mchanga mtupu, mbuzi wanapita, wanawake wanachimba visima vya maji katikati. Januari mwaka ule nilikuwa natoka zahanati moja, nimebeba ruta mgongoni kwenye begi, jua linawaka, hakuna hata wingu. Nikafika korongoni, nikakuta wazee wawili wamekaa chini ya mbuyu upande wangu. Nikawaamkia, nikataka kushuka. Mmoja akasema, "Mwanangu, subiri kidogo." Nikamuuliza nasubiri nini, babu, pakavu. Akanyoosha fimbo kuelekea milimani. Huko juu palikuwa peusi.

Nilizima injini kwa adabu tu, si kwamba niliamini. Zilipita kama dakika ishirini. Kwanza nikasikia sauti kama lori linapanda mlima kwa gia nzito, halafu nikaona povu la kahawia linasukuma vijiti na makopo mbele yake, linakuja polepole kabisa, kama linatembea. Nyuma ya lile povu ndiko kulikuwa na maji yenyewe. Nusu saa baadaye pale nilipotaka kupita palikuwa kifuani kwa mtu mzima, gogo la mti linapinduka ndani yake. Mtu aliyesikia habari za reli ya zamani kusombwa pale Gulwe na Kidete miaka nenda rudi, basi maji yenyewe ndiyo yale.

Tulikaa mpaka saa kumi na moja jioni. Wazee walinipa ubuyu, nikamsaidia mmoja laini ya simu iliyokuwa imemsumbua. Nyumbani nilifika usiku, mume wangu hakusema kitu, alichukua begi, akatoa ruta, akaikausha na kanga yangu mpya.

Mguu wa Chuma

Niko tofauti kidogo na nyie. Nilinunua nikiwa na 44. Njia ya Manyoni, saa mbili usiku, ng'ombe mweusi kasimama katikati ya lami. Wodi ya mifupa nilikaa wiki saba, na vitanda vya kushoto na kulia kwangu wote vijana wa boda. Ndani ya mguu nina chuma.

Pikipiki niliuza. Sikatazi mtu. Usiku tu msiende.

Mstaafu wa HADO, Kondoa

Wanangu, mimi mwaka 1979 mifugo ilipoondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la huku Kondoa, nilikuwa kijana wa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ndiyo HADO, na nilikuwa nazunguka milima ya Irangi kwa pikipiki. Wakati huo ukiwa na pikipiki hakuna anayekupa pole. Unakaribishwa kuku. Mabinti wanakuja kuishika taa. Sasa nasoma hapa mtu anaulizwa na mkwewe kama kafukuzwa kazi, nacheka peke yangu.

Ila kuku hawakuwa wengi mwaka ule, nisiseme uongo. Ulikuwa unakwenda kwa mtu kumwambia ng'ombe zako ziondoke kwenye ardhi ya babu yako ili majani yaote. Majani yaliota kweli, mkipita leo mtaona miti. Lakini wako waliokataa kunisalimia hadi nilipostaafu, na siwalaumu.

Wewe wa seva, umefika Kolo, kwenye michoro ya kale ya miambani?

Fundi Seva, Kisasa

Shikamoo mzee wangu. Nimefika mara moja, Oktoba. Lami ya Babati inapita hapohapo, ila unaanzia ofisi ya Mambo ya Kale upate mwongozaji, kisha njia ya mawe, kisha unapanda kwa miguu. Urithi wa Dunia tangu 2006, na siku ile tulikuwa wageni watatu. Nilisimama mbele ya zile picha nyekundu, mtu mrefu na twiga, nikakumbuka diski ya ofisini ya miaka mitano iliyokufa na faili zote. Mwongozaji alidhani nasali.

Nataka kurudi Jumamosi hii. Naondoka saa kumi na mbili asubuhi, nipite Mayamaya kabla upepo haujaamka. Kijiwe, uko?

Kijiwe cha Sabasaba

Ukinilipia hesabu ya siku, niko.

Fundi Seva, Kisasa

Imelipwa. Nitumie namba yako.

Mstaafu wa HADO, Kondoa

Marahaba. Mkifika mjini ulizeni kwa mzee wa nyuki. Njooni na lita moja ya oili na plagi, ile Yamaha ya mradi niliinunua mnadani, bado iko stoo na kuku wanatagia juu ya kiti.