Boti ndogo au kubwa? Tupeane uzoefu

Mwenye mada, Nungwi: Assalaam alaykum. Nimejaaliwa fedha za kununua boti moja ya faiba ya kuwapeleka wageni kisiwa cha Mnemba, nami nimekwama kati ya futi 20 yenye mashine moja ya nguvu za farasi 40 na futi 28 inayotaka mbili za namna hiyo. Nielezeni yaliyowakuta wenyewe.

Mtu wa Jambiani: Umenikumbusha kwa nini niliuza kubwa yangu. Huku mashariki, siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi, yakitoka, bahari hukimbilia mwambani ikaacha mchanga mtupu. Ndogo tuliisukuma watu wanne. Ile kubwa ililala ubavu, wageni wameshavaa miwani ya kuzamia, mpaka maji yalipojaa. Chukua ndogo.

Mkokotoni: Kweli tupu, na hujataja petroli: mashine mbili hazinywi, zinaoga.

Baharia wa Mkoani: Naomba nipinge. Mwezi wa Juni, upepo wa Kusi umekaza, tulitoka Mkoani, Pemba, kuja Nungwi kwa futi 28. Katikati ya mkondo wa Pemba na Unguja mashine ya kushoto ikakohoa, ikazima. Hatukushtuka, kwa kuwa ya pili ilikuwapo, nayo haikumaliza dakika mbili ikafuata. Zote zilikuwa zikinywa tangi moja, na petroli ya vidumu tuliyoinunua asubuhi ilikuwa na maji. Boti ikageuka, ikalipa wimbi ubavu. Nahodha akafunga ndoo mbili kwa kamba, akazitupa kutoka omoni, mbele ya boti, ndipo omo ikarudi kulikabili wimbi, nami nikalala kifudifudi tezini, nyuma ya boti, nikivuta petroli kwa mdomo kupitia mpira, nikiitia katika chupa tupu ili nione maji yanavyojitenga chini. Mashine moja ilikubali baada ya alasiri, mkondo umeshatusukuma kaskazini, Unguja imezama machoni. Futi 20 ingalijaa maji kabla hatujafungua kifuniko cha tangi. Nunua kubwa, lakini kila mashine iwe na tangi lake.

Mtu wa Jambiani: Kaka, kilichokuponzeni ni kukosa kichungi cha petroli, si udogo wala ukubwa.

Baharia wa Mkoani: Na boti yako iliyolala ubavu iliponzwa na nahodha asiyehesabu maji, sheikh wangu.

Mkokotoni: Mnunulieni punda, Mnemba hafiki, lakini petroli hanywi.

Mwenye mada: Nashukuruni, ila mimi naenda Mnemba tu, sivuki mkondo.

Mzee wa Matemwe: Mwanangu, hiyo "tu" iondoe. Sisi wa Matemwe Mnemba tunaiona mbele yetu, ndogo inatutosha. Wewe wa Nungwi una zaidi ya kilomita 10, na wakati wa Kusi upepo utakupiga usoni wakati wa kwenda, wageni warudi wameloa. Ukikosa fedha za kubwa, nunua ndogo uiweke kwetu.

Fundi wa Wete: Baharia, zile ndoo zilikuwa za bati au za plastiki?

Baharia wa Mkoani: Za plastiki, zilizokuwa za rangi, lita 20 kila moja. Moja ilikatika mpini njiani.