Tupeane uzoefu: uliambiwa na daktari ukaimbe, ukacheze ngoma au ukakimbie na kikundi? Ilikusaidia?

Habari zenu wapendwa, wakubwa shikamooni. Naandika toka Barking, mashariki ya London, huu mwaka wa 16 niko huku ila kwetu ni Muheza. Uzi huu nimeuwaza toka Januari nikawa nasita, leo nimeamua niuweke maana najua humu kuna wengine wamepita njia hii.

Mume wangu alifariki 2021. Baada ya arobaini watu wakarudi makwao na mi nikarudi kazini, nahudumia wazee, zamu za usiku. Mchana usingizi hauji, kula nasahau, simu za nyumbani nikawa sipokei maana nikisikia tu sauti ya mama nalia. Presha ikafika 170 kwa 100. Daktari wa mtaa akaniongezea kidonge alafu akaniuliza unaishi na nani, nikamwambia peke yangu, akaandika kitu kwenye kompyuta akasema kuna mtu atakupigia. Nikajua ni mambo ya dawa za usingizi. Kumbe huku toka 2019 wameajiri watu wengi kwenye hizi zahanati zao ambao dawa hawatoi kabisa, kazi yao ni kukaa na wewe wakusikilize alafu wakupeleke kwenye kikundi kinachokufaa, bustani, kuchora, kushona, kutembea, kucheza, kuimba. Wazo lenyewe ni la zamani kidogo, hapa hapa mashariki ya London kuna kituo cha Bromley by Bow kilianza 1984, nenda leo utakuta zahanati, bustani na vyumba vya sanaa viko pamoja.

Yule dada aliyenipigia simu, ni mmoja wa hao, alinipa saa nzima. Saa nzima jamani, wakati kwa daktari unapata dakika 10. Akaniuliza ulipokua mdogo ulikua unapenda nini, nikakaa kimya muda mrefu, toka mazishi hakuna aliyeniuliza kitu kama kile. Nikamwambia nilikua naimba kwaya, sauti ya pili.

Akanipeleka kikundi cha kuimba kinachokutana maktaba kila Jumanne. Siku ya kwanza nilifika mlangoni nikachungulia kwenye kioo nikageuza nikarudi kituo cha basi. Kesho yake simu inalia, ni yeye, hakunilaumu, akasema Jumanne ijayo nitakusubiri nje tuingie wote. Kweli nikamkuta amesimama kwenye baridi na mwavuli. Mi naamini ule mwavuli ndio ulioniponya nusu, maana angenipa karatasi yenye anwani tu nisingerudi.

Ndani tulikua kama 20, wengi wazee. Kabla ya kuimba mwalimu anatufundisha kupumua, unavuta hewa kwa pua mpaka mbavu zifunguke alafu unaiachia taratibu kwa sauti ya "sssss" huku yeye anahesabu kwa vidole. Jirani yangu ni babu mmoja mapafu yake mabovu, wiki ile ya kwanza aliishia 6. Mwezi wa tatu akafika 15, akageuka akanishika mkono machozi yanamtoka, na mi pia. Baadae nikajua kwamba 2020 English National Opera, kundi kubwa la maigizo ya kuimba, walishirikiana na hospitali za Imperial za hapa London kuwafundisha kupumua watu walioachwa na Corona wakihema, na nyimbo walizotumia ni zile za kubembelezea watoto. Nilivyosikia hivyo nikawaimbia wenzangu moja ya bibi yangu, sasa kikundi kizima wanaijua kwa Kiswahili.

Saivi presha ni 136 kwa 84. Vidonge nakunywa kama kawaida. Simu za mama napokea.

Sasa nataka nisikie toka kwenu, hasa mlioko nyumbani. Daktari au nesi alishawahi kukupa kitu kama hiki? Alikwambia "fanya mazoezi" ukaondoka, au alikuonyesha uende wapi, kwa nani, siku gani?

—

Mdau, Temeke

Pole sana dada, Mungu ampumzishe shemeji yetu.

Umeuliza swali lenyewe. Mi ni dereva, nina miaka 54, sukari iligundulika 2018. Kliniki kila nikienda naambiwa mzee fanya mazoezi, dakika 30 kwa siku, naitikia sawa daktari, natoka pale naingia kwenye gari saa 10 alfajiri mpaka saa 4 usiku. Miaka miwili naitikia sawa. Nikiamua nikimbie mwenyewe mtaani nafika kona ya kwanza naona kama watu wananiangalia hiki kitambi, narudi.

Aliyenisaidia ni nesi, mama mmoja mtu mzima. Aliangalia kipimo, 14.2 sijala kitu, akaweka kalamu chini akaniuliza baba unakaa mtaa gani, nikamtajia, akasema hapo kwenu si kuna jogging, nikasema ipo. Akachukua simu yake palepale akampigia kapteni, akamwambia nakuletea mtu Jumamosi, ana sukari, asikimbizwe, atembee nyuma na kina mama mpaka azoee, na aje na kitu kitamu mfukoni akisikia kizunguzungu ale. Yaani alipanga yote nikiwa nimekaa pale.

Kwa wasiozijua, jogging za huku kwetu ni zaidi ya kukimbia. Kuna fulana, kuna katiba, kuna daftari la michango, ukiugua wanakuja, ukifiwa wanakuja na turubai. Asubuhi saa 12 mnatoka kwa nyimbo za mchakamchaka, mmoja anaanzisha wote mnajibu, na nimegundua ukiwa unajibu wimbo miguu inaenda yenyewe, umbali ambao mwenyewe usingeufika unajikuta umeufika. 2016 wakati Mama Samia akiwa Makamu wa Rais alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi nchi nzima, vikundi vilipata nguvu sana kipindi kile.

Nilivyokosa Jumamosi moja, saa 3 asubuhi walikua mlangoni kwangu watu wanne na jasho lao, mzee vipi unaumwa? Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Toka siku hiyo sijakosa labda nina safari.

Leo nasoma 7.4. Dawa sijaacha, na asije mtu humu akasema acha dawa ukimbie, nilishaona mtu kapoteza mguu kwa ushauri wa hivyo.

—

Bi mkubwa wa Mji Mkongwe

Assalaam aleikum. Mie ni mtu wa Unguja, na kwetu kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi hukusanyika kwa siku ya mazoezi kitaifa, wazee wamo, wanawake wamo na mitandio yao, ni jambo zuri. Lakini mie yangu haikuwa ya kukimbia.

Nilipata kiharusi, mkono wa kushoto ukawa kama si wangu. Kijana wa mazoezi ya viungo hospitali alinipa mpira nibonyeze mara 50 asubuhi na jioni. Nikibonyeza siku mbili nachoka nautia chini ya mto. Akaja akagundua, akaniuliza bibi, hii mikono ilikuwa ikifanya kazi gani, nikamwambia ikishona kofia za vito toka nina miaka kumi. Akasema basi wacha mpira, nenda kwa wenzako wanaoshona, ukae nao.

Kofia ya vito kwa asiyejua, ni vile vitundu vidogo vidogo unavitoboa kwa sindano alafu unavizungushia uzi kimoja kimoja, kofia moja yaweza kukuchukua miezi. Mkono wa kulia unashona, wa kushoto unakamata kitambaa na kukikaza, na kitambaa kikilegea kitundu kinakuwa kibaya. Basi wangu ulikuwa unalegea. Vitundu vya mwanzo vilikuwa kama vimetafunwa na panya, wenzangu hawakuniambia neno, shoga yangu mmoja alikuwa akinyoosha mkono wake ananikazia kitambaa huku anaendelea na hadithi zake, kama vile ni jambo la kawaida tu. Mwezi wa tano nikakaza mwenyewe. Ile kofia sijaiuza, ukiitazama upande mmoja vitundu vimepotoka, ukiizungusha pole pole unaona vinanyooka, vinanyooka, mpaka mwisho viko sawa. Kavaa mjukuu wangu siku ya Idi.

—

Mdau, Nairobi

Nawasikia na nawafurahia, lakini wacha niseme upande mwingine ili mtu asiumie kama mimi.

Nilikuwa na msongo wa mawazo baada ya kuachishwa kazi, daktari akaniambia tafuta kikundi cha kudansi, basi. Hakuuliza magoti. Nikaenda kwa ukumbi fulani karibu na stage, muziki mkubwa, mwalimu yuko mbele kabisa anaruka, hakuna mtu aliniuliza kama niko na shida yoyote, siku ya tatu goti likalia nikakaa nyumbani wiki sita. Na mbaya zaidi kabla hata sijapona nilikuwa napigiwa simu ninunue chai yao ya kupunguza mwili. Nilirudi chini kuliko nilivyokuwa.

Saa hii natembea na akina mama wawili wa ploti yetu, kwa msitu wa Karura hapa Nairobi, Jumapili baada ya ibada. Hakuna anayeuza kitu. Ya goti tunapumzika tukifika kwa maporomoko. Lakini hiyo nilijitafutia mwenyewe, na pesa ya kuingia pia si kila mtu ako nayo, hiyo tuseme ukweli.

—

Aliyeanzisha uzi

Pole mpenzi. Hilo la kuuliza magoti ni kubwa sana, yule dada wa kwetu alikua na fomu, moyo, magoti, kuanguka, kuvuta pumzi, alafu ndio akachagua. Na kikundi chetu hakilipishwi, chai tunachangia anayeweza.

Bi mkubwa, nimeisoma ile ya kofia mara tatu. Asante.

—

Mdau, Bukavu

Huku kwetu hospitali ya Panzi, ile ya daktari Mukwege, bamama bale bamepita mambo mazito ya vita banaimba kama sehemu ya matibabu, banatunga nyimbo zabo na banazirekodi studio. Miye niliimba nabo kama msaidizi. Kuna mama alikaa wiki tatu hasemi neno, neno lake la kwanza lilitoka ndani ya wimbo. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

—

Nesi, Morogoro

Naomba niseme na mimi kama mtu wa upande wa pili wa meza. Asubuhi moja ya kliniki ya presha na sukari naweza kuwa na wagonjwa 60, ndio maana mnasikia "fanya mazoezi" alafu mwingine aingie. Si kwamba hatujali. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima walau dakika 150 kwa wiki, hiyo namba tunaijua kwa moyo, tusichokijua ni kikundi gani kiko mtaa gani na kinamfaa nani.

Nilivyosoma ya huyo mama wa Temeke aliyepiga simu palepale, jana nimenunua daftari. Nimeanza na kata yangu, kwaya, jogging, ngoma, wanaosuka ukili, namba ya kiongozi, siku, saa, kama wanapokea mtu wa magoti. Nina 9 mpaka sasa.

—

Mdau, Mbagala

Baba wa Temeke, shikamoo. Mama yangu ana presha na miaka 61, kutoka ndani hataki toka mdogo wake afariki. Hicho kikundi chenu kinapokea mtu wa mbali kidogo?

—

Mdau, Temeke

Marahaba mwanangu. Wanapokea. Ila usimwambie aje, mlete. Jumamosi saa 12 kasorobo, nitakuwa kituo cha daladala upande wa msikiti, fulana ya njano. Aje na maji na viatu vya chini, tutatembea nae nyuma.